Vitambaa vya Njano Vilivyogeuka Kijani Mikononi Mwangu

Aibu hii nimeamua kuisema mwenyewe kabla jirani yangu Kibet hajawasimulia, maana yeye akianza hamalizi, na kila akiirudia anaongeza chumvi (ingawa kusema kweli haihitaji chumvi). Ilinipata kanisani, mbele ya akina mama kumi na tisa pamoja na waume zao na mchungaji, na mmoja wa hao akina mama ni mama mkwe wangu. Mtu akikwambia amewahi kuaibika, muulize kwanza kama mama mkwe alikuwepo.

Nianze kwa kukiri kwamba mimi ni mtu wa kushuku, na sikatai. Nikinunua nyama nasimama nikiikodolea macho mizani mpaka mwenye bucha ananiuliza kama nimetumwa na serikali. Mtu akinisalimia kwa uchangamfu kupita kawaida, mkono wangu unaenda mfukoni wenyewe kuhakikisha simu iko. Mke wangu Njeri husema nilizaliwa nikimkagua mkunga. Mimi nilikuwa naona hiyo ni sifa, naona ndiyo maana sijawahi kuibiwa hata kijiko.

Kazi yangu ni picha. Napiga harusi, ruracio (sherehe za mahari), ubatizo, halafu nachapisha mwenyewe nyumbani, hapa Kiamunyi, kwenye kona ya sebule ambapo nimeweka monita ya mtumba na printa. Watu hudhani ugumu uko kwenye kupiga, lakini wapi, ugumu uko kwenye kuifanya karatasi ifanane na kile unachokiona kwenye monita, kwa sababu hivyo vitu viwili havipendani. Unaona uso mzuri wa bibi harusi kwenye monita, unachapisha, anatoka mwekundu kama amepigwa kofi. Basi unarekebisha rangi kidogo, unachapisha tena, unashika karatasi kando ya monita, unalinganisha, unarekebisha tena, mpaka viwe mapacha.

Sasa kanisani kwetu kuna chama cha akina mama, na wanachama huvaa kitambaa cha kichwa cha njano. Kitambaa hicho si cha kununua tu sokoni ukavaa. Unafundishwa mwaka mzima, unaulizwa maswali, kisha Jumapili moja unapiga magoti mbele ya kanisa lote na mwenyekiti anakufunga kichwani kwa mikono yake. Kuna mama wamengoja hicho kitambaa kuliko walivyongoja pete. Na miaka michache iliyopita chama kiligawanyika, sitaki kuingia huko maana hata leo ukiitaja hiyo habari chai inapoa, ila wale waliotoka walienda kuabudu kule chini karibu na barabara kuu, na wakachagua kitambaa chao cha kijani. Tangu siku hiyo njano ni njano na kijani ni kijani, na akina mama wa pande mbili wakikutana dukani wanasalimiana kwa kidevu.

Mama mkwe wangu, ambaye namwita Mum, ndiye mwenyekiti wa njano. Ila dada yake wa kufuatana alienda na kijani, na kwa hiyo kulikuwa na minong'ono ya kudumu kwamba Mum naye mguu mmoja uko huko. Yeye hakuwahi kuijibu hiyo minong'ono, alikuwa anaendelea na kazi tu. Sasa wanachama wapya walipokaribia kuvishwa, kamati ilitaka picha ya kila mama na kitambaa chake, ya kutundika sebuleni, na walikuwa na mpiga picha wao wa mjini. Mum akasimama akasema mkwe wake atafanya, tena atafanya vizuri. Alijiweka mdhamini mbele ya watu waliokuwa wanangoja ajikwae, na hilo nilijua vizuri.

Jumapili ya kuvishwa nilipiga picha zikatoka safi. Jumatatu nikachapisha moja ya kujaribu, nikaishika kando ya monita, vikafanana kabisa, nikafurahi nikajipikia chai. Nikiwa nimesimama dirishani na kikombe, nikamwona Kibet.

Kibet alikuwa amehamia nyumba ya pili miezi mitatu hivi nyuma, na siku ya kuhama nilimwona akishusha begi kubwa jeusi na miguu mitatu ya kusimamishia kamera. Nikajua basi, huyu ni mpiga picha, amekuja kuninyang'anya wateja. Sikumuuliza (mtu wa kushuku haulizi, anaangalia). Sasa Jumatatu hiyo alikuwa amesimama juu ya ngazi kando ya tangi lake la maji, uso wake umeelekea moja kwa moja kwenye dirisha langu, ametulia tuli. Nikasema moyoni, unasoma mashine zangu. Nikaweka kikombe chini, nikafunga pazia.

Huo ndio uamuzi wenyewe. Mkiniuliza kila kitu kilianzia wapi, kilianzia hapo, kufunga pazia, kitendo cha sekunde mbili. Na pazia zetu ni za rangi ya machungwa, Njeri alizichagua akisema zinaleta joto nyumbani.

Jumanne asubuhi nikafungua chupa mpya ya wino, nikachapisha picha ya pili nikiwa bado nimejifungia, nikaiweka kando ya monita. Ilikuwa imeiva. Uso wa yule mama umekuwa wa rangi ya matofali na kitambaa kimekaribia chungwa, wakati kwenye monita yuko sawa kabisa. Nikachapisha nyingine, vilevile. Nikaitazama ile chupa ya wino. Jana wino wa zamani, picha nzuri, leo wino mpya, picha imeharibika, hapo hata mtoto wa nasari angejua mwizi ni nani.

Wino nanunua kwa Akinyi, dada mmoja mwenye kibanda kule Rhonda, anajaza wino na kutengeneza printa. Nikapanda boda mpaka huko na picha yangu kwenye bahasha, nikakuta ana wateja watatu, na badala ya kungoja nikasema pale pale nikiwa mlangoni, kwa sauti, kwamba nimeuziwa wino wa kuchanganywa na maji.

Akinyi hakukasirika. Aliipokea picha, akanipita, akatoka nayo nje mpaka juani, akaigeuza huku na huku.

"Boss, hii picha iko sawa."

"Iko sawa aje na imekuwa nyekundu?"

"Kuja hapa nje uone. Uso uko fiti, na hii njano ni njano."

Nikatoka nikaangalia, na kweli pale ilionekana nzuri. Lakini nikakumbuka wale wauza nguo wanaokuvuta mpaka juani ndipo wakuonyeshe suruali, ukifika nayo nyumbani unakuta ni nyingine. Nikajiambia kila kitu kinapendeza juani, hii picha itatundikwa ndani ya nyumba, na huyu anajua. Nikamwambia sitarudi kwake tena. Akasema sawa boss, akarudi kwa wateja wake, na mmoja wao akaniangalia kwa huruma ambayo wakati huo sikuielewa.

Nikarudi nyumbani nimejaa hasira, nikaamua nitaushinda huo wino kwa akili. Kwenye kompyuta nikapunguza wekundu, nikaongeza ubluu, nikachapisha, nikalinganisha, bado. Nikapunguza tena, nikaongeza tena. Niliharibu karatasi siku mbili nzima, pazia zimefungwa, jasho linanitoka, mpaka Alhamisi mchana karatasi na monita vikawa mapacha. Nilipiga makofi peke yangu. Ijumaa na Jumamosi nikachapisha zote, na kila moja ilipokauka niliitia kwenye bahasha nikaifunga kwa gundi na kuandika jina, sababu nilishuku Njeri angeziona angepiga kwa simu na kuziweka kwenye status kabla wenyewe hawajapokea. Aliomba kuona ya mamake tu. Nikamwambia angoje kama wengine.

Jumamosi jioni, jua bado liko, Kibet akagonga geti. Nikafungua upana wa uso wangu, mnyororo nikaacha.

"Jirani, habari ya siku mingi. Naona wiki mzima pazia zimefungwa, nikasema labda kuna mgonjwa."

"Hakuna mgonjwa. Niko na kazi ya kuchapisha."

"Ah, sawa. Na hapo ndani giza hivyo unaonaje rangi? Sisi kwa kazi yetu kitu kikishachapishwa lazima tutoe nje tuiangalie na mwanga. Toa moja hapa nje."

Ndiyo hiyo, nikajisemea. Sisi kwa kazi yetu. Anataka nizitoe nje azione, ajue bei ya karatasi na kila kitu. Nikamshukuru, nikafunga geti.

Basi Jumapili ikafika. Ibada iliisha, watu wakatoka uwanjani ambako viti vilikuwa vimepangwa, jua la Nakuru limewaka baada ya mvua ya usiku, lile jua linaloosha kila kitu. Akina mama kumi na wanane wamekaa safu mbili, vitambaa vyao vya njano vimepigwa pasi, na mimi na tai yangu nikapita nikigawa bahasha, kila mmoja na jina lake, nikijiona mtu. Mum alikuwa amesimama mbele. Nilimpa yake mwisho, naye akanipigapiga begani mbele ya watu wote, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu nimwoe bintiye.

Wa kwanza kufungua alikuwa mama mmoja mzee wa safu ya nyuma. Akatoa picha, akaisogeza karibu na macho, akaisogeza mbali, akamwonyesha mwenzake. Mwenzake akafungua yake haraka. Halafu ikawa ni kurarua bahasha tu, na mimi kwa ujinga nikadhani wameguswa.

Mama Gathoni, ambaye ni katibu wa chama na ndiye aliyekuwa anamtaka yule mpiga picha wa mjini, akainuka na picha yake ameishika juu.

"Mimi nataka kuuliza tu. Hii ni kitambaa gani nimevaa hapa?"

Nikaangalia. Kilikuwa kijani, tena si cha kubahatisha. Uso wake ulikuwa wa majivu kama wa mtu aliyelazwa wiki mbili, na juu ya huo uso, kijani. Nikanyakua ya jirani yake, kijani. Nikaomba ya Mum, akanipa, na huyo hapo mwenyekiti wa njano, amenyooka, anatabasamu, ndani ya kitambaa cha wale wa kule chini.

"Kumbe ilikuwa kweli," Mama Gathoni akasema, na sasa hakuwa anasema na mimi. "Mama Njeri, ungetuambia tu. Si lazima utume mkwe wako atutangulize huko kwa dada yako."

Hapo ndipo makelele yalipoanza. Wengine wakasema ni ukweli waliujua siku nyingi, wengine wakasema hapana, mama mmoja aliyevishwa siku chache tu nyuma akaanza kulia akisema mumewe hawezi kukubali picha hiyo iingie nyumbani. Na Mum akanigeukia mimi. Aliniangalia tu, akingoja nifungue mdomo niseme yeye hajui lolote.

Naomba mnisikilize hapa maana ndipo penyewe. Nilikuwa na uwezo wa kusema neno moja na sikulisema. Nilimwangalia Mum na akilini nikasema, au ni kweli? Kwani si yeye aliyesisitiza nipewe hii kazi? Kwani si alikuja nyumbani Jumatano nikiwa Nakuru mjini kununua karatasi, akakaa na Njeri hapo hapo sebuleni karibu na kompyuta? Mama wa watu miaka sabini, hajui hata kuwasha monita, na mimi nimesimama namshuku mbele ya kanisa zima. Iliendelea sekunde tano hivi. Halafu nikasema kwa sauti ya juu kwamba mimi sina makosa, kwamba niliuziwa wino bandia Rhonda, na kuna mtu jirani yangu amekuwa akinichungulia, na picha zilipotoka kwangu zilikuwa njano na naweza kuthibitisha.

Mchungaji akasema, "Basi twende tuone." Kwetu na kanisani si mbali, hata boda huhitaji. Tukaenda, mchungaji, Mum, Mama Gathoni, Njeri na mimi, na nyuma yetu akina mama wengine sita ambao hakuna aliyewaita.

Nikawaingiza sebuleni, nikawasha kompyuta, nikashika picha ya Mum kando ya monita. Na hapo moyo wangu ukarudi mahali pake, maana ilikuwa njano. Kabisa. Mapacha.

"Si mnaona?" nikawaambia. "Mnaona njano? Mtu amefanya kitu huko njiani."

Wakainama wakaangalia. Mchungaji akakubali kwamba ni njano. Mama Gathoni akachukua yake akaishika hapo, nayo njano, akakunja uso, na kwa dakika moja nzuri sana nilidhani nimepona. Kisha Mum, aliyekuwa amesimama nyuma yetu, akaenda dirishani akavuta pazia mpaka mwisho.

Jua likaingia. Picha ikawa kijani mkononi mwangu, tukiiangalia. Akaivuta pazia ikafungwa, njano. Akaifungua, kijani. Akafunga tena, na ndipo nilipoona kwamba hata vitambaa walivyovaa vichwani vilikuwa vinageuka machungwa, sote tulikuwa tumekaa humo bila kugundua, macho yanazoea. Monita peke yake ndiyo haikubadilika, kwa sababu ina mwanga wake. Karatasi haina, inaazima mwanga wa chumba, na chumba changu wiki nzima kilikuwa cha machungwa. Wino wa Akinyi haukuwa na kosa lolote. Nilikuwa nimechukua picha nzuri kumi na tisa nikazitibu ugonjwa wa pazia.

Kupitia dirisha lililofunguliwa tukamwona Kibet juu ya ngazi yake, kando ya tangi, ametulia vilevile. Mchungaji akamsalimia, Kibet akapunga mkono.

"Pastor, nangoja maji. Hapa ukikosa kuangalia ikifika unapata tangi imejaa matope." Kisha akatuona wote na yale mapicha. "Jirani, uliitoa nje?"

Mchungaji akamuuliza kama naye ni mpiga picha. Kibet akacheka, akasema yeye ni mpima ardhi, ile miguu mitatu ni ya chombo cha kupimia mashamba, na wanachochapisha wao ni ramani.

Nilitamani sakafu inimeze. Na hawakuniachia hapo, Mama Gathoni akaniuliza kwa utaratibu, kama anaandika kumbukumbu za mkutano, "Na kwa nini ulifunga pazia mchana?" Ikabidi niseme, mbele ya mchungaji na mke wangu na Mum na wale akina mama saba, na Kibet akisikia kutoka juu ya ngazi, kwamba niliogopa kuibiwa ujuzi. Mmoja wa wale sita akauliza ni ujuzi gani huo. Wakacheka, na Mama Gathoni mwenyewe akacheka, na nawaambia kile kicheko ndicho kilichomsafisha Mum, kwa sababu hakuna aliyeweza tena kuamini kwamba mtu mjinga hivi angetumwa kazi ya siri.

Nilichapisha upya zote, dirisha wazi, na kila moja nikaitoa nje mpaka juani nikiwa na aibu ya kuonekana na jirani. Rhonda nilienda nikamwomba Akinyi msamaha mbele ya wateja, kwa sauti ile ile niliyomtukania, na akanisamehe, ingawa sasa akiniona anawaambia watu wakae sawa, mkaguzi amefika.

Picha ya Mum nilimpelekea mwenyewe nyumbani kwake. Akatoka nayo uani, akaiangalia muda mrefu, akasema hapo ni yeye. Tukaketi akanimiminia chai. Kisha akaniuliza bila kuinua macho kutoka kwenye birika, "Baba Shiru, siku ile kule uwanjani, uliniangalia namna gani?"

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa na uongo tayari, kwamba nilichanganyikiwa, kwamba jua lilikuwa kali. Lakini nikamwambia, "Mum, nilikushuku."

Akakoroga sukari kwenye kikombe chake, akanisogezea mkate.

"Najua," akasema. "Wale wengine sikujali. Nilikuwa naangalia wewe."

Nimewasimulia mcheke, na mmecheka, ni sawa. Lakini nimeapa, na Njeri ni shahidi, kwamba sitamshuku mtu tena kabla sijamuuliza kwa mdomo wangu jambo linalonisumbua. Bado ni vigumu, jana tu nimehesabu chenji ya sadaka. Ila Mum tangu siku hiyo akija kwetu anabisha hodi na kungoja mlangoni mpaka aambiwe karibu, na zamani alikuwa anaingia tu.